Nilipungua kilo 17 zikarudi 20, huu unene ni ugonjwa kweli au ni mdomo wangu?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo na kutoa vitu ambavyo vingemtambulisha mwenyewe:

"Shikamoo dokta. Mi ni mama wa miaka 42, watoto wanne, nauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma mjini. Urefu wangu sentimita 160, saivi nina kilo 100. Mwaka juzi nilikuwa na 97 nikajibana kwelikweli, matango, mayai, maji ya limao, usiku nalala na njaa, miezi mitano nikafika 80. Watu badala ya kunisifia wakaanza kunong'ona kwamba nina ngoma. Baadae uzito ukagoma kabisa kushuka, njaa ikazidi mpaka nikawa naota pilau, nikaachia, mwaka haujaisha kilo zote zimerudi na tatu za juu. Juzi nimepima presha 150 kwa 95, sukari wanasema iko mpakani, daktari akaniambia unene wangu ni ugonjwa sugu kama presha, nitaishi nao. Nimerudi nyumbani nalia. Mama mkwe anasema ugonjwa gani, ni mdomo tu. Dokta niambie ukweli, ni ugonjwa au ni mimi? Na lile gauni nililoshona nikiwa na kilo 80 liko kwenye sanduku, nilitoe nimpe mtu?"

Marahaba dada yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na pale uliposema "uzito ukagoma, nikawa naota pilau" ndo umejijibu mwenyewe bila kujua. Mtu mwenye mdomo tu haoti pilau, anakula pilau akalala zake. Anayeota ni yule ambaye ubongo wake umeshapiga kelele kwamba humu ndani kuna njaa, fanyeni mtakavyofanya chakula kipatikane.

Mi mwenyewe nilichelewa kuelewa hili, acha nikiri. Miaka ya nyuma nikiwa kwenye hospitali moja ya wilaya alikuja mama mmoja na unene wake, presha juu, nikamwangalia nikamwambia "mama, dawa yako ni kufunga mdomo". Nesi akacheka, mi nikacheka, yeye hakucheka. Kadi yake ya kliniki ilikaa kwenye boksi miaka miwili bila kuguswa. Aliporudi aliletwa na mtoto wake, sukari 22, kidonda mguuni kimeshaanza kunuka. Alikuwa anaogopa kuja kusemwa, basi. Tangu siku hiyo nimeacha utani huo.

Sasa tuingie kwenye mambo. Watu wa lishe kwa Kiswahili wana neno lao wanaita kiribatumbo, unene wa kupitiliza. Kiriba ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji, kwa hiyo neno linakupa picha ya mfuko uliojazwa na mwenye mfuko, kwamba mwenyewe kajaza basi mwenyewe apunguze. Picha ni nzuri ila inadanganya. Mafuta ya mwilini hayakai kama maji kwenye kiriba, mafuta yanaongea. Mwaka 1994 kule New York, watafiti chini ya Jeffrey Friedman waligundua kwamba seli za mafuta zinatoa homoni inaitwa leptini, inaingia kwenye damu inaenda kwenye ubongo kutoa ripoti ya stoo: bado tunayo, au imepungua. Miaka mitano baadae Wajapani wakapata nyingine inatoka kwenye tumbo, ghrelini, hiyo kazi yake ni kukukumbusha kula, inapanda kabla ya mlo inashuka ukishiba. Yani huko ndani kuna mawasiliano mchana na usiku ambayo we hujaulizwa.

Mi huwa naifananisha hivi. Chukua bibi ambaye ameishi mwaka wa njaa, ameona watoto wanalia. Bibi huyu ndo mwenye funguo za stoo ya unga. Ukimwongezea magunia hana neno, anapanga tu, na baada ya miezi anazoea kwamba stoo yetu ni ya magunia kumi. Sasa siku ukitoa magunia mawili, hata kama yamebaki nane ambayo yanatosha ukoo mzima, yeye haoni nane, anaona mawili hayapo. Anaanza kupima unga kwa kikombe, anazima moto wa jiko mapema, na kila saa anamtuma mtoto aje akwambie hakuna chakula, hakuna chakula. Huyo bibi ndo ubongo wako dada, na hana ubaya wowote, ndo amewafikisha babu zetu hapa. Tatizo hajui kwamba njaa imeisha na duka liko mlangoni.

Kwa hiyo ulipotoka 97 ukafika 80, leptini ilishuka, ghrelini ikapanda, mwili ukaanza kubana matumizi: unasikia baridi, unachoka, hata ukikaa dukani hutikisiki tikisiki kama zamani, na kile chakula kilekile kilichokuwa kinakupunguza mwezi wa pili, mwezi wa tano hakipunguzi tena kitu. Hapo ndo uzito "unagoma". Haujagoma, bibi kafunga stoo.

Na usidhani ni nyie akina mama wa mjini tu. Mwaka 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wa kiume wenye afya zao walijitolea kulishwa chakula nusu kwa miezi sita, kazi ya mtafiti Ancel Keys. Vijana waliokuwa wanajadili siasa wakawa wanajadili mapishi, wengine wakikusanya vitabu vya upishi kana kwamba wanataka kufungua hoteli, wanaota chakula, wanalamba sahani. Walipofunguliwa kula wakala kama hawana mwisho, na mafuta ya mwili yakarudi mengi kuliko waliyoanza nayo. Umeona hapo? Kilo zako tatu za juu hazikuja kwa sababu we ni mlafi, ni kitu ambacho mwili wa binadamu unafanya ukitoka kwenye kubanwa.

Kuna tafiti mbili nyingine nitakupa haraka. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha habari za watu 50 waliopewa chakula kidogo sana kwa wiki 10, wakapungua vizuri, kisha wakapimwa homoni baada ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Homoni za njaa bado ziko juu, za shibe bado ziko chini, na wenyewe wanasema njaa haijaisha. Alafu 2016 wakafuatiliwa washiriki 14 wa lile shindano la televisheni la Marekani la kupungua, miaka sita baada ya shindano, wengi uzito umerudi, na miili yao kwa siku inachoma kama kalori 500 pungufu ya inavyotakiwa kwa mtu wa ukubwa wao. Kalori 500 ni kama vijiko vinne vya chakula vya mawese. Yani mwenzao wa ukubwa uleule ambaye hajapitia hayo anakula hivyo vijiko vinne mwili unavichoma, wao wakila vinabaki. Wakikaa sahani moja wanaonekana wanakula sawa.

Ndo maana ya ugonjwa sugu. Sugu hapa haina maana ya kwamba haitibiki au kwamba umehukumiwa, maana yake hauishi kwa dozi moja kama malaria, unadhibitiwa. Nikuulize, mtu mwenye presha akimeza vidonge presha ikawa 120 kwa 80, akaacha vidonge, presha ikarudi 170, tutasema vidonge vilikuwa vibaya? Au tutasema yeye hana nidhamu? Tutasema matibabu yalisimama ugonjwa ukarudi. Sasa matango na maji ya limao yalikuwa matibabu yako, makali kupita kiasi na ya muda, yaliposimama ugonjwa ukarudi. Hesabu ni ileile, sijui kwa nini kwenye unene tunabadilisha tunaanza kumtafuta mwenye makosa.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima zote, au usimwambie ukaepusha shari, kwamba kuna utafiti wa 1986 kutoka Denmark, watu 540 waliolelewa tangu wadogo na wazazi wasio wao. Walipokuwa watu wazima miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, sio ya waliowalisha. Chakula cha nyumba moja, sufuria moja, lakini mwili unafuata damu. Siku ya msiba au harusi ya kwenu angalia shangazi zako wamekaaje kwenye mkeka utaelewa. Sasa nisieleweke vibaya, damu peke yake hainenepeshi mtu, vinginevyo bibi zetu nao wangekuwa hivi. Damu inaamua nani atanenepa mazingira yakiruhusu, na mazingira yameruhusu: bodaboda mpaka mlangoni, soda kila kibanda, kazi ya kukaa, mafuta ya kula kila mahali. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 nchini, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Hao wote wameshikwa na uvivu kwa pamoja? Na 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu mtu mmoja kati ya wanane ana kiribatumbo.

Lakini je kila mnene ni mgonjwa? Hapa hata wataalamu wamevutana. Madaktari wa Marekani kupitia chama chao walipiga kura 2013 kwamba ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani nalo linauita ugonjwa sugu, halafu Januari 2025 jopo kubwa la kimataifa likatoa pendekezo la kuwagawa watu: wapo ambao unene umeshaharibu kazi ya viungo au maisha ya kila siku, hao ni wagonjwa sasa, na wapo ambao viungo bado viko sawa, hao wako kwenye hatari, wanafuatiliwa. Mi nakubaliana nao. Kile kipimo cha kuchukua kilo unagawanya kwa urefu wa mita mara urefu, kwako inatoka 39, na 30 kwenda juu ndo inaitwa kiribatumbo, kilianzishwa na Mbelgiji mmoja wa hesabu na nyota, Quetelet, miaka ya 1830 huko, hakuwa hata daktari, alikuwa anatafuta mtu wa wastani. Ukimpima nacho kijana anayebeba magunia bandarini, kifua kama mlango, anaweza kutoka "uzito umezidi" wakati ni misuli mitupu.

Kwa hiyo kliniki mi natumia na kamba. Ni rahisi hata we fanya leo: chukua kamba ya katani au ule uzi mnene wa kufungia marobota yako, mwambie mwanao akupime kuanzia kisigino mpaka utosini, kata. Ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe kiunoni usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani, pumua kawaida. Ikikutana, vizuri. Isipokutana, hapo katikati pana pengo, hilo pengo ni dalili ya mafuta ya ndani yanayozunguka ini na matumbo, na ndo yenye ugomvi na presha na sukari kuliko ya makalio na mapaja. Siku moja mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi alipofanya hivyo pengo likawa kiganja kizima, akaishika ile kamba akaniuliza "dokta hii niende nayo?" Alienda nayo, kaitundika kwenye msumari ukutani, kila mwezi anajipima, anasema mzani unamchanganya lakini kamba haimdanganyi.

Wewe kwa maelezo yako, presha imepanda, sukari mpakani, mi nakuweka upande wa mgonjwa anayehitaji matibabu sasa. Muulize na mume wako kama unakoroma mpaka pumzi inakatika halafu unashtuka, na kama mchana unasinzia dukani, maana hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa na usingizi mbovu unaongeza njaa.

Kabla hujakubali ile 150 kwa 95 lakini, kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Kile kitambaa cha kufunga mkononi kupima presha kina saizi. Mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo, mashine inasoma presha ya juu kuliko ilivyo. Siku ukirudi, kaa kwanza dakika tano umetulia, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na uwaulize "samahani nesi, kipo kikubwa?" Usione aibu. Nimewahi kukuta mtu amemezeshwa vidonge viwili kwa sababu ya kitambaa. Na ipimwe zaidi ya siku moja.

Sasa matibabu. Kwanza lengo libadilishe, achana na kilo 80. Najua inauma lakini nisikilize. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa majibu ya watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari ya mpakani kama yako. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini ilipungua 31. Asilimia 7 kwako ni kilo 7. Saba! Ukifika 93 ukakaa hapo miaka mitano, mi nitakupigia makofi kuliko ukifika 75 kwa miezi sita halafu tukakukuta 105.

Chakula, sitaki uache ugali wa muhogo, nani ataweza kuishi Kigoma bila ugali wa muhogo. Ila tuelewane kuhusu muhogo: ni wanga mtupu karibu, protini yake kidogo sana, unashuka vizuri kooni na unavutika na mchuzi kiasi kwamba unamaliza donge kabla shibe haijafika kichwani. Fanya hivi, anza na samaki na mboga. Kula kwanza mgebuka wako au dagaa wako na sombe, yani kisamvu, nusu sahani, ndo uanze kumega ugali, na donge liwe la ngumi yako, sio ngumi ya baba watoto. Protini inashibisha kuliko vyote na sisi tuna ziwa hapo chini, watu wa Dodoma wangetuonea wivu.

Kwenye mawese hapo ndo nataka nikae kidogo. Mawese mekundu yasiyosafishwa yana vitamini A nzuri, sisemi ni sumu, watoto wape. Lakini mafuta ni mafuta, gramu moja ina kalori 9 wakati wanga una 4, na hakuna jikoni ya huku nimeona wanapima, wanamimina kutoka kwenye chupa mpaka sufuria inalia. Robo lita ya mafuta ni kama kalori 2,000, karibu chakula cha mtu mzima cha siku nzima. Familia yako watu sita mkitumia robo lita kwa siku, kila mmoja kameza zaidi ya kalori 300 ambazo hakuziona wala hazikumshibisha. Chukua kijiko cha chakula, hesabu kimoja kwa kila mla, kwa siku. Sombe litakuwa jepesi wiki ya kwanza, watalalamika, wiki ya tatu wamezoea. Dagaa wa kukaanga wakielea kwenye mafuta wafanye wa Jumapili, siku nyingine chukuchuku na nyanya na limao.

Chai pia. Vijiko vitatu vya sukari mara vikombe vinne dukani ni vijiko 12, wakati Shirika la Afya linasema ingekuwa vizuri isizidi kama sita kwa siku kwa vyote. Soda moja ya 350 ni kama vijiko tisa. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi unazoea. Na kifungua kinywa kiwepo, yai na kiazi au maharage, kwa sababu najua biashara ya Mwanga, saa nne njaa imekukamata na mwenye maandazi anapita na ndoo yake, hapo hakuna mwanamke shujaa.

Kutembea kwenyewe hakupunguzi kilo nyingi, nisikudanganye, watu wanakata tamaa kwa hili. Kupanda kutoka stesheni mpaka Mwanga utatoka jasho lakini kalori si nyingi kama unavyodhani. Faida yake ni kushusha presha na sukari na hasa kuzuia kilo zilizotoka zisirudi, kumzoesha yule bibi wa stoo kwamba magunia nane ni kawaida. Nusu saa siku tano za wiki. Magoti yakiuma, gawa dakika kumi kumi.

Kingine, njoo na pakiti za dawa zote unazotumia. Ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, baadhi ya wanawake inawanenepesha. Glibenklamaidi na insulini za sukari, prednisoloni, baadhi ya dawa za akili, zote zinaweza kuongeza kilo. Usiache kitu chochote mwenyewe, hasa sindano, utaniletea mtoto wa tano, ongea kwanza tubadilishe. Na kama umewahi kuuziwa vile vidonge vya "kunawiri", vingine ni deksamethasoni, sema tu, sitakugombeza, maana ukishavizoea kuviacha ghafla ni hatari.

Utasikia na dawa za kupunguza. Chai za kukata tumbo nyingi ni za kuharisha, zinatoa maji na choo, kilo mbili zinarudi ukinywa maji. Nyingine zimekutwa zimechanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na we una presha, weka mbali. Sindano mpya za semaglutidi ni za kweli, zinaiga homoni ya shibe, kwenye utafiti wa 2021 watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Lakini walioacha, ndani ya mwaka theluthi mbili ya kilo zikarudi. Unaona? Yaleyale, ugonjwa sugu. Bei yake kwa sasa sio ya mfuko wangu wala wako, na 2024 Shirika la Afya lilitoa onyo kuhusu za bandia, kwa hiyo anayekuuzia kwa simu mwambie asante. Hospitali ya Mloganzila kule Dar wanaweka puto tumboni, nalo linatolewa baada ya miezi kadhaa na kazi ya kulinda inabaki kwako. Kwa 39 yako na presha, upasuaji wa tumbo nao ungeweza kujadiliwa huko mbele, ila tuanze na yaliyo hapa.

La ngoma. Hili limeniuma kuliko yote kwa sababu nalijua, sisi tumeishi miaka ambayo mtu akikonda watu wanaanza kuhesabu, na mwanamke akinenepa wanasema mume anamtunza. Nimewahi kuwa na mgonjwa alipungua kilo nane vizuri kabisa akaziacha zirudi makusudi, akaniambia dokta nimechoka kuulizwa naumwa nini. Ushauri wangu: kama hujapima muda mrefu kapime, na hiyo ni kwa ajili yako, sio kwa ajili yao, upate jibu lako mkononi. Halafu chagua mtu mmoja tu, dada au shoga wa kweli, mwambie "naanza kliniki ya uzito kwa sababu ya presha". Mtaani neno presha linaheshimika, hakuna anayelicheka, na likishatoka mdomoni mwa shoga yako litatembea lenyewe mpaka sokoni. Kilo saba kwa mwaka hata hawataziona vizuri. Ila ukipungua haraka bila kujibana, na kiu au kikohozi au homa za jioni, hiyo siyo mafanikio, njoo upimwe.

Kuja kliniki iwe kila mwezi mwanzoni, baadae miezi mitatu, na njoo hata mwezi ambao umeongezeka. Hasa huo. Wengi mnakuja mkipungua mnajificha mkiongezeka, wakati kilo mbili zikianza kurudi ndo kazi ni rahisi, tunaangalia nini kimebadilika, msiba, mtoto kafukuzwa ada, Ramadhani, usingizi, tunarekebisha. Zikishafika kumi wote tumechoka.

Gauni lako usimpe mtu na usiliache kwenye sanduku linakusuta. Lipeleke kwa fundi, kama alikuwa fundi mzuri alibakiza kitambaa ndani ya mishono ya pembeni, aachie. Kisipotosha, we si ndo muuza vitenge, mkatie kipande akitie ubavuni, ulivae Idi hii na hizo kilo mia.